Tulivyopanda Mlima Kilimanjaro, na Tulivyorudi

Ndugu wengi wa Nachingwea na Ruangwa wametuuliza habari za safari yetu ya Kilimanjaro, na kila mmoja amesikia habari yake. Wako waliosikia ya kuwa tulifika kileleni tukaadhini huko. Na wako waliosikia ya kuwa kijana mmoja alifia njiani akazikwa Marangu. Yote mawili si kweli. Basi tumeona yafaa tuyaandike mambo kama yalivyokuwa, tusiongeze wala tusipunguze, ijapokuwa ndani yake mna jambo moja ambalo, kwa nafsi yetu, tungalipenda lisomwe na watu wachache.

Sisi ni mwalimu wa chuo cha Kurani hapa Nachingwea. Umri wetu umekwisha kupita miaka hamsini, na elimu yetu ya shule haikuzidi shule ya msingi. Kupanda milima hakukuwa katika mambo tuliyoyafikiri hata siku moja. Huku kwetu kuna vilima, lakini mji wenyewe haufiki mita 500 juu ya bahari, na mtu wa Nachingwea akisikia baridi ya mwezi wa Julai hujifunika blanketi akadhani ameonja baridi.

Habari hii ilianzwa na vijana wawili tuliowasomesha. Mmoja ni wa hapa hapa Nachingwea, fundi wa pikipiki. Wa pili ni wa Ruangwa, aliyekaa kwa shangazi yake hapa mjini miaka sita akisoma chuoni kwetu, naye amehifadhi juzuu tatu kwa sauti ambayo wenye kusikia huacha mazungumzo yao. Vijana hawa walikubaliana kuwa, kabla ya kuoa, wataona kwa macho yao mlima ambao tangu shule ya msingi wameuchora katika madaftari. Walipojua ya kuwa mwenyeji wa Tanzania hutozwa ada ndogo sana kuliko mgeni atokaye ng'ambo, wakaanza kuweka akiba. Wa Nachingwea aliweka katika ufundi wake. Wa Ruangwa hakuwa na kazi. Baba yake aliuza sehemu ya ufuta wake wa mwaka ule, mwaka 2022, ili kumtimizia.

Baba huyo alikuja kwetu kabla ya kutoa fedha. Akasema, "Maalim, mimi mlima siujui. Nikimruhusu mtoto, namruhusu kwa ajili yako. Nenda naye. Akiwapo mtu mzima, watoto hawafanyi ujinga." Tukamjibu kwamba inshallah tutakwenda. Na maneno yake hayo tunaomba msomaji ayaweke akilini, maana tutayarudia.

Wazee wengine msikitini hawakupendezwa. Mmoja alisema ni fedha kutupwa, na mwingine akauliza kama inajuzu Mwislamu kuihatarisha nafsi yake kwa kutazama barafu. Tuliwajibu kuwa Mwenyezi Mungu katika Kitabu chake ametuamrisha mara nyingi tutembee katika ardhi tutazame, na kwamba katika Sura ya Fatir imetajwa milima yenye mistari myeupe na myekundu na myeusi kuwa ni katika ishara zake. Jawabu letu lilikuwa sawa. Lakini swali la yule mzee wa pili halikuwa la kipuuzi, wala hatukulipa haki yake siku ile.

Basi mwezi wa Agosti tukaondoka kwa basi. Tukapita Mnazi Mmoja, tukapita Nangurukuru, tukavuka mto Rufiji juu ya daraja la Mkapa. Vijana hawakutazama hata dirishani. Sisi tulitazama, kwa kuwa twakumbuka siku za kivuko cha Ndundu kabla daraja hilo halijafunguliwa mwaka 2003, ambapo msafiri wa kusini katika masika aliweza kulala ukingoni na kuku wake. Tulilala Dar es Salaam usiku mmoja, na siku ya pili jioni tukafika Moshi. Mlima haukuonekana. Palikuwa na mawingu tu. Asubuhi tulipotoka msikitini baada ya sala ya alfajiri, yule kijana wa Ruangwa akatushika mkono akanyoosha kidole, si mbele bali juu, mahali ambapo sisi tungalitafuta nyota. Hapo ndipo palipokuwa na weupe.

Yafaa tueleze kidogo mlima wenyewe ni kitu gani. Kilimanjaro si mlima mmoja katika safu ya milima, bali umesimama peke yake katika nchi tambarare, kusini ya mstari wa Ikweta kwa kilomita kama 340. Ni mlima wa volkano, yaani ulijengwa kwa moto uliotoka chini ya ardhi, tabaka juu ya tabaka, na kwa kweli ni volkano tatu zilizoshikana. Shira ndiyo ya zamani kabisa, nayo ilikwisha kuporomoka ikabaki uwanda. Mawenzi, yenye mita 5,149, imeliwa na mvua na upepo hata imekuwa kama meno yaliyovunjika. Kibo ndiyo changa na ndiyo ndefu. Kilele chake, Uhuru, kina mita 5,895, wala hapana mahali pengine palipo juu zaidi katika bara lote la Afrika. Moto wa Kibo umelala kwa zama nyingi sana, lakini ndani ya shimo lake bado hutoka mvuke wenye harufu ya kiberiti. Majivu yale ya kale ndiyo yaliyowapa Wachaga udongo wao. Tulipoiona migomba na kahawa ya Marangu, na mifongo, yaani mifereji ambayo wazee wao waliichimba kuteremsha maji ya mlimani hata mashambani, tulikumbuka udongo wetu wa Nachingwea, na lile shamba kubwa la karanga ambalo Waingereza walilianza mwaka 1947 kwa matrekta na reli, likafa baada ya miaka michache. Udongo hauombwi kwa nguvu ukatoa usichonacho.

Jambo ambalo vijana wetu wengi hawalijui ni kwamba watu wa pwani, Waislamu, wamo katika historia ya mlima huu tangu mwanzo. Tarehe 11 Mei 1848, Johannes Rebmann, padri Mjerumani, aliona weupe juu ya kilele, akamwuliza kiongozi wake ni kitu gani. Kiongozi alimjibu kwa neno moja tu: baridi. Msafara huo uliongozwa na Bwana Kheri wa Mombasa. Rebmann alipoandika Ulaya kuwa kuna theluji karibu na Ikweta, wataalamu wa huko walimcheka miaka mingi, nao hawakupata kuiona Afrika hii. Ila mtu wa Mombasa alikwisha kuijua baridi ile na jina lake. Na Hans Meyer, Mjerumani, alipofika kileleni tarehe 6 Oktoba 1889 pamoja na Ludwig Purtscheller wa Austria, aliyekaa nao katika kambi ya juu akiwapikia na kuwalindia vitu, hali wapagazi wengine wamekwisha teremka, alikuwa Mwini Amani, mtu wa Pangani. Watu wa Marangu nao husimulia habari za Yohani Kinyala Lauwo, kijana wao aliyeongoza msafara huo, naye aliishi umri mrefu mno hata akafa mwaka 1996. Kilele hicho Wajerumani walikiita kwa jina la mfalme wao. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda alipandisha juu yake bendera ya Tanganyika na Mwenge, na jina lake likawa Uhuru.

Turudi katika safari. Sheria ya hifadhi hairuhusu mtu kupanda bila ya kiongozi mwenye leseni, nasi tulipata kiongozi Mchaga, mtu wa makamo, mpole, mwenye kusema maneno machache. Pamoja naye walikuwapo msaidizi wake, mpishi na wapagazi. Langoni mizigo ya wapagazi hupimwa kwa mizani, isizidi kilo 20 kwa mtu mmoja. Tulimwambia mpishi mambo ya chakula chetu, akajibu, "Mzee, mimi mwenyewe naitwa Ramadhani mwezi mmoja kwa mwaka, jirani zangu wote Waislamu." Tukacheka, na jambo hilo likaisha.

Siku ya kwanza ni msituni. Miti imevaa ukungu na ndevu za kijani, na maji yalia kila upande. Kibanda cha Mandara, karibu mita 2,700, kimepewa jina la Mangi wa Moshi wa zamani. Siku ya pili msitu huisha kwa ghafula kama uliokatwa kwa kisu, ukaingia katika majani makavu na vichaka vifupi. Tulipita mahali ambapo moto wa Oktoba 2020 uliunguza. Vigogo vyeusi vimesimama, na majani mapya yamechipua chini yake. Jioni tukafika Horombo, mita 3,720. Huko kuna mimea ya ajabu, mirefu kuliko mtu, yenye shina nene na kichwa cha majani kama kabeji iliyotundikwa juu ya nguzo. Haioti kwetu wala haingeweza kuota.

Kuhusu sala, tulikuwa wasafiri, basi tulipunguza sala za rakaa nne zikawa mbili, tukajumuisha adhuhuri na alasiri, na magharibi na isha. Kibla hakikutupa taabu. Makka kwa mtu aliyeko Kilimanjaro iko kaskazini, ikielekea mashariki kidogo tu, karibu sawa na Nachingwea. Kwa hiyo pale Horombo tulisimama na Mawenzi ikawa mbele yetu, kuumeni kidogo. Viatu vya mlimani vinafunika vifundo vya miguu, nasi tulikuwa tumevivaa tukiwa na udhu, kwa hiyo tuliwafundisha vijana kupangusa juu yake, jambo aliloruhusiwa msafiri siku tatu na nyaya zake. Alfajiri ya Horombo maji yalikuwa na ngozi ya barafu juu. Hapo tukawasomea habari ya Amri bin Al-Aas, katika vita vya Dhatis-Salasil, aliyepatwa na janaba usiku wa baridi kali, akaogopa kuoga asije akafa, akatayamamu akasalisha watu. Na Mtume s.a.w. aliposikia sababu yake alicheka wala hakumlaumu. Wanavyuoni wamekhitalifiana juu ya kuilipa sala ya namna hiyo, na mwenye kutaka kujua zaidi na amwulize shekhe wake. Ila katika asili ya jambo hapana khitilafu: mwili wa mtu si mali ya kuchezewa.

Tulisomesha hayo asubuhi. Jioni yake tukafanya kinyume.

Ilikuwa hivi. Watu wapandao njia ya Marangu hukaa Horombo siku moja ya ziada ili mwili uzoee. Hewa ya juu si mbaya, bali ni nyepesi. Kwenye kilele cha Uhuru uzito wake ni kama nusu ya ule wa pwani, kwa hiyo kila pumzi huleta nusu ya kile ambacho mwili umezoea kukipata. Mwili ukipewa siku, hujifunza. Usipopewa, kichwa huuma, chakula hukataliwa, usingizi hupotea. Na mtu akizidi kupanda katika hali hiyo, maji huweza kuingia mapafuni au ubongo ukavimba, na mambo hayo mawili huua. Kiongozi wetu alitueleza haya yote langoni. Kila jioni alitubana kidoleni kipimo kidogo cha damu, akamwuliza kila mmoja: kichwa je? chakula je? usingizi je?

Jioni ile, kabla kiongozi hajaja, kijana wa Ruangwa alitujia peke yake. Akasema, "Maalim, kichwa chaniuma tangu jana, na leo chai nimeitapika." Sisi tulikuwa tumechoka, na magoti yalituuma, na hatukupenda mwenzetu mwenye miaka kumi na tisa awe wa kwanza kulalamika. Tukamwambia, "Mwanangu, baba yako ameuza magunia mangapi ya ufuta ili ufike hapa? Wazee wako walikwenda kwa miguu toka Ruangwa hata Lindi na mizigo kichwani, wala hawakuulizana habari za kichwa." Akatabasamu, akasema, "Kweli, Maalim." Kiongozi alipokuja na kipimo chake akamwuliza, kijana akajibu kuwa hajambo kabisa. Sisi tulikuwapo, tukalisikia jawabu hilo, tukanyamaza.

Siku ya nne ni safari ya kutoka Horombo hata Kibo, kupita uwanda mkavu ulio baina ya Mawenzi na Kibo. Hapana mti, hapana ndege, ni mchanga na mawe tu, na upepo. Kijana alikwenda nyuma ya wote. Tulidhani afanya adabu ya kutupisha wakubwa. Kibanda cha Kibo kiko karibu mita 4,700, na desturi ni kufika mchana, kula, kulala kidogo, kisha kuondoka usiku wa manane ili jua lichomoze mtu akiwa juu.

Jua lilipokuchwa tukatayamamu, maana maji yalikuwa ya kupikia tu, tukapanga safu. Tukamwambia kijana wa Ruangwa asalishe, kwa ajili ya sauti yake. Akaanza Alhamdu. Akafika katikati, akasimama. Akaanza tena mwanzo. Akafika pale pale, akasimama tena, kisha akasoma aya ambayo si ya sura ile kabisa. Sisi tumekuwa tukisikiliza watoto wakisoma kwa miaka zaidi ya thelathini. Twamjua mtoto aliyesahau, na aliyelala, na afanyaye mzaha. Hii haikuwa moja katika hizo. Sauti ilikuwa nzuri kama siku zote, lakini mwenye sauti hakuwapo. Aliporukuu akaanguka mbele.

Tuliikata sala tukamwita kiongozi. Akaja na taa, hakusema neno. Akamsimamisha, akamwambia atembee hatua kumi, kisigino cha mguu huu kikigusa vidole vya mguu ule. Kijana alipiga hatua mbili akaenda upande kama mlevi, naye hajui hata rangi ya mvinyo. Akaulizwa yuko wapi. Akasema yuko kwa shangazi.

Kiongozi akatugeukia akasema, "Mzee, huyu anashuka sasa hivi."

Tukasema tungoje alfajiri. Tukaleta sababu: baridi, giza, njia mbaya, mtoto hajala. Sababu zote zilikuwa za kweli, na zote zilikuwa pazia. Nyuma ya pazia tuliona magunia ya ufuta, tukaona uso wa baba yake, tukaona watu wa Nachingwea wakituuliza, "Mlifika?" Kiongozi alitusikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwa upole, "Ukingoja alfajiri, Mzee, huenda ukamwamsha asiamke. Dawa ya ugonjwa huu ni kushuka tu. Wewe ni mkubwa wangu, lakini hapa juu mkubwa ni mimi." Hatukujibu tena.

Wakamvika nguo zote alizokuwa nazo, wakampa hewa ya chupa kwa bomba la puani, wakamlaza katika kitanda cha chuma chenye gurudumu moja kubwa katikati. Wapagazi sita wakakishika, wawili mbele, wawili nyuma, mmoja kila ubavuni, wakaanza kuteremka mbio katika giza lile. Watu hawa walikuwa wamebeba mizigo mchana kutwa, na hapakuwa na aliyewaahidi ujira wa zaidi. Sisi tuliwafuata na fimbo mbili, tukianguka na kuinuka. Mara nyingi tuliona taa zao tu, mbali chini yetu, kama vimulimuli. Katika njia ile tulisoma Yasin mara tatu, wala hatujui kama tuliisoma sawasawa.

Kabla ya alfajiri tukafika Horombo. Kijana alikuwa amekaa kitako juu ya kitanda, amefunikwa, macho yake yametulia. Akatuamkia, "Shikamoo, Maalim." Akaomba chai. Kisha akauliza viatu vyake viko wapi, maana vilikuwa vya kuazima, na mwenyewe angevitaka.

Sala ya alfajiri tulisali wawili, yeye akiwa amekaa. Hatukumwambia asalishe.

Kijana wa Nachingwea, tuliyemwacha Kibo na kiongozi msaidizi, yeye alipanda. Habari zake alitupa mchana aliposhuka. Asema njia ya usiku ule ni kokoto za majivu, wapiga hatua tatu warudi mbili, na mtu haoni ila visigino vya aliye mbele yake. Maji ya kunywa yaliganda ndani ya chupa. Alifika ukingoni, mahali paitwapo Gilman, kabla jua halijatoka, akasali hapo nyuma ya jiwe, kisha akauzunguka ukingo wa shimo hata Uhuru. Barafu, asema, si kama theluji ya pichani. Ni kuta zilizosimama, ndefu kuliko nyumba, za rangi ya samawati, na baina ya kuta hizo ni mchanga mtupu ambao zamani ulikuwa chini ya barafu. Hilo ni kweli na limepimwa: barafu iliyokuwako mwaka 1912, asilimia 85 yake ilikuwa imekwisha toweka ilipofika mwaka 2007. Mtoto wake huyu, akijaliwa kumpata, pengine hataona chochote cheupe huko juu ila mvua ya theluji ya siku moja.

Alituonyesha picha aliyopigwa pale penye ubao. Kijana wa Ruangwa akaitazama muda mrefu, akamrudishia simu, akasema, "Mashallah." Hapakuwa na neno jingine baina yao.

Moshi daktari alimpima, akasema ubongo ulikuwa umeanza kuvimba, na kwamba ameletwa chini kwa wakati wake, sasa hana neno. Akatuuliza kama mgonjwa alitoa dalili siku za nyuma. Tukasema alitoa. Akaandika.

Katika basi la kurudi, jirani zetu wamelala, ikatujia hadithi ambayo tumeisomesha mara nyingi kuliko tuwezavyo kuhesabu, nayo imo katika mapokezi ya Abu Daud. Watu walikuwa safarini, mmoja wao akapigwa na jiwe akapasuka kichwa. Akaota usiku, akawauliza wenzake kama ana ruhusa ya kutayamamu. Wakamwambia hawaoni ruhusa kwake, hali maji yapo. Akaoga, akafa. Mtume s.a.w. alipopata habari aliwakasirikia, akawahesabu wao kuwa ndio waliomuua, kwa kuwa walijibu wasilolijua badala ya kuuliza. Siku zote tulipowasomesha watoto hadithi hii tulijiona tuko upande wa mwenye kuhadithia. Wale watu wengine, waliojibu haraka, tuliwaona kuwa wa zamani na wa mbali.

Yule mzee aliyeuliza msikitini kama yajuzu, tulimwendea nyumbani kwake siku ya pili ya kufika, tukamweleza. Akasema kupanda kwenyewe haoni kosa. Basi nasi hatukumkataza mtu, wala hatumkatazi sasa. Vijana watakao kwenda na waende, na wakae Horombo siku mbili badala ya moja kama fedha yaruhusu, na mwenye kuumwa kichwa aseme kwa sauti kubwa mbele ya kiongozi, hata kama Maalim wake amekunja uso.

Iliyobaki ilikuwa Ruangwa. Kijana alituomba tusimwambie baba yake yaliyopita Horombo. Akasema ataeleza mwenyewe kuwa aliugua ghafula. Alitaka kutusitiri, Mwenyezi Mungu amlipe. Lakini tulikuwa tumepewa amana kwa maneno ya wazi, na amana ikirudi na ufa, mwenye kuipokea hana budi kuonyeshwa ufa ulipo.

Tulifika baada ya adhuhuri. Baba alikuwa chini ya mkorosho wake, akipalilia mapema, maana maua yalikwisha toka. Alimtazama mwanawe toka kichwani hata miguuni, akashukuru Mungu, akamtuma ndani kwa mama yake. Tukaketi. Tukamweleza yote kwa taratibu, habari ya Kibo, na kitanda, na wapagazi. Hakuuliza kama tulifika kileleni. Aliuliza jambo moja.

"Maalim, alikuambia lini ya kuwa kichwa chamwuma?"

Tukasema, "Siku ya tatu, Horombo, jioni."

"Ukamwambiaje?"

Tukamwambia tulivyomwambia, neno kwa neno, pamoja na habari ya ufuta na ya wazee wa Lindi. Alichukua jembe lake akaligusa gusa udongo uliokauka juu yake, akaubandua kwa kidole gumba, pande moja moja, mpaka chuma kikabaki safi. Wakati wa alasiri ukaingia. Akainuka, akaleta maji katika kopo, akayaweka mbele yetu tutawadhe. Kisha akamwita mwanawe atoke ndani, akamwambia asalishe yeye.

Akasalisha. Katika alasiri Alhamdu husomwa kimoyomoyo, kwa hiyo hatukuisikia.